Zamu ya Bi Shaikha

Mlango wa jikoni kwa Bi Shaikha unatazamana na dirisha langu la kuoshea vyombo. Ndivyo zilivyojengwa nyumba zetu hapa Ansab, Muscat, mgongo kwa mgongo, na katikati ukuta mfupi. Kwa hivyo mambo yake mengi nimeyaona bila ya kuyatafuta. Kila akimaliza kupika hutoka nje na ndara zake, akainama penye mtungi wa gesi, akaikaza koki kwa nguvu zake zote, kisha akanusa. Akiridhika hurudi ndani. Hata akichemsha chai ya mtu mmoja, hutoka. Na chai ya mtu mmoja ndiyo anayoichemsha siku zote, kwani anaishi peke yake.

Wanawake wa mtaani wanamcheka. Wanasema Bi Shaikha anaulaza mtungi kama mtoto mchanga. Mimi simcheki. Nina watoto watatu, na sijapata kutoka nyumbani bila ya kurudi kutazama kama jiko limezimwa. Lakini mimi naogopa tu, ndivyo nilivyoumbwa. Yeye anayo sababu.

Alizaliwa Wete, Pemba. Aliletwa Muscat bado msichana mdogo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba yake alipoamua kurejea kwenye asili yao Oman kama walivyorejea jamaa wengi wakati ule. Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha sala tu. Wenzake skuli walikuwa wakicheka kila akifungua mdomo, na baada ya muda akaona bora asiufungue. Akaacha skuli mapema. Alipokuwa mkubwa akapata kazi ya uhudumu wa wodi katika hospitali moja ya hapa mjini, akaifanya mpaka alipostaafu, na karibu muda wote huo aliomba zamu ya usiku mwenyewe, hakulazimishwa.

"Mchana mgonjwa ana watu," aliwahi kuniambia. "Ana daktari, ana mama yake, ana shangazi kaja na sufuria la bokoboko. Usiku ana mie tu."

Miaka mingi aliwekwa wodi ya walioungua. Wengi wao walikuwa wanawake, na habari zao zilifanana: mtungi umeachwa wazi, gesi imevuja watu wamelala, mama ameamka alfajiri kuwachemshia watoto maziwa, akawasha kiberiti. Bi Shaikha aliwageuza ubavu, aliwapepea, aliwasikiliza pumzi. Hakuwahi kusinzia zamuni. Hilo ndilo jambo pekee nililopata kumsikia akijisifia.

Mume wake, Sleyum, alikuwa dereva wa serikali. Mimba ziliharibika nyingi kabla ya kumpata Loai, na baada ya Loai hakupata mwengine. Sleyum alifariki Loai akiwa chuo kikuu. Kijana akapelekwa Kanada kusoma zaidi, akasoma, akapata kazi huko ya uinjinia katika mji wa Ottawa, akaja mara moja kuoa msichana wa hapa mjini, wa Mawaleh, anayeitwa Bashayer, akaondoka naye. Wakapata mtoto wa kike, Noof. Bi Shaikha anamjua Noof kwa simu. Kusafiri mwenyewe hawezi. Ana mguu unaoganda damu, na daktari alimkataza safari ndefu za ndege. Wao nao kila mwaka wanasema mwaka ujao.

Sasa nieleze habari ya nyumba yao, maana bila ya hiyo mengine hayataeleweka.

Walipokuwa wamepanga, mtambo wa joto uliharibika usiku mmoja wa baridi, mabomba ya maji yakaganda yakapasuka ukutani, na wao wakaamka wanatembea juu ya maji. Kwa hivyo walipohamia nyumba yao wenyewe, Loai alitia mitambo miwili inayosaidiana. Wa kwanza ni mashine inayokaa nje, iliyo kama AC zetu hizi, isipokuwa imegeuzwa kazi. AC yetu inatoa joto la ndani na kulitupa nje. Ile ya kwao inaokota joto nje, hata kwenye baridi, na kuliingiza ndani. Lakini baridi ikizidi sana joto la kuokotwa halitoshi tena, mashine inashindwa. Hapo ndipo unaposhika wa pili, tanuri la gesi lililoko chumba cha chini ya nyumba. Baridi ikipungua, tanuri linajizima na mashine ya nje inarudi kazini. Yote hayo yanajiendesha yenyewe. Mimi nayajua leo. Siku ninayotaka kuisimulia hatukuyajua, si mimi wala Bi Shaikha. Yeye alikuwa ameambiwa tu kwamba nyumba inapashwa moto na kitu kama AC.

Loai ndiye aliyemuelekeza kutia kwenye simu yake programu ya kuiona nyumba ile. Alimpigia mwezi wa kumi na moja, nami nilikuwepo, tunachambua mchele.

"Mama, sisi tukilala wewe uko macho," alisema. "Kwetu saa saba ya usiku, kwako saa nne asubuhi unakunywa kahawa. Basi nataka utuangalie."

"Niwaangalie vipi, mwanangu, na huo umbali?"

"Utaona namba. Hiyo ndiyo joto la ndani ya nyumba. Ikiwa ishirini, ishirini na moja, tuko salama. Ikishuka sana simu yako italia kengele, na wewe unipigie mie niamke. Mie nikilala nimelala, unanijua."

"Nnakujua. Ukianguka kitandani hujui."

"Basi wewe ndiye mlinzi wetu."

Alipokata simu, Bi Shaikha alibaki ameushika ungo wa mchele bila ya kuupeta. Kisha akaniambia, "Mama Ghanim, umemsikia?" Nikamwambia nimemsikia. Akauliza tena, "Umemsikia alivyosema?"

Tangu siku ile asubuhi zake zilibadilika. Zamani ilikuwa nikimuita kwa dirishani tutoke, anatoka. Tunakwenda kisomo, tunakwenda kumtazama mgonjwa, tunakwenda sokoni Seeb kununua samaki. Sasa akawa hatoki mpaka adhuhuri. Anaiegemeza simu kwenye chupa ya kahawa, anakaa mbele yake na tasbihi. Ukimpigia hodi anakujibu kwa sauti ya chini, kama kwamba Ottawa watamsikia.

"Twende kwa Rahila mwenzetu, kafiwa na shemeji yake."

"Ntakwenda jioni. Watoto wamelala."

Kwenye simu palikuwa na namba, na pembeni yake alama ndogo ya buluu, kama upepo. Alama ile ilimaanisha mashine ya nje inafanya kazi. Bi Shaikha aliizoea kama mtu anavyozoea taa ya nje ya jirani. Na kwa zile namba alijua mengi. Wakiipunguza kidogo, alijua wamekwenda kulala. Ikipanda kabla ya alfajiri yao, alijua Noof ameamka na Bashayer amemhurumia kwa baridi. Alikuwa akinihadithia kama mtu aliyetoka kwao dakika ile. "Jana mtoto hakulala vizuri," atasema. Nikimuuliza kama amezungumza nao, atasema, "Hawajapiga. Wana kazi nyingi."

Hii ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuingia katika nyumba ya mwanawe. Nyengine hakuwa nayo. Loai alikuwa akipiga Ijumaa, dakika chache, na mtoto analia nyuma yake.

Januari huku kwetu ndio wakati wa raha. AC zimezimwa, madirisha wazi, watoto wanavaa sweta na kulalamika baridi, na ni nyuzi kumi na nane. Asubuhi hiyo nilikuwa nakanda unga wa mkate wa mofa nikasikia naitwa ukutani.

"Mama Ghanim! Njoo, njoo unipe hongera!"

Nilikwenda vile vile na unga mikononi. Bi Shaikha alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wake, uso unang'aa kama wa bibi harusi.

"Kuna nini?"

"Nimewafungia gesi!"

"Umemfungia nani?"

"Kina Loai! Wamelala na gesi inawaka! Nnatazama simu, ile alama ya upepo haipo, pametokea moto. Moto mwekundu, Mama Ghanim, unaruka ruka. Nkasema labda utazimika. Nkasubiri, nkasubiri. Wapi! Unawaka na watu wamelala fofofo, na mtoto mchanga ndani. Na uinjinia wake wote, Loai analala na gesi inawaka! Sleyum angekuwa hai angemchapa."

"Ukampigia?"

"Nimepiga mara tatu, hashiki. Basi nkaubonyeza ule moto wenyewe. Ikaja Kiingereza, mistari miwili. Kiingereza mie sijui, lakini neno la kuzima nnalijua, liko kwenye kila jiko. Nkalibonyeza. Khalas, moto umekwenda."

Nilimpa hongera. Ningefanya nini? Mimi pia nisingelala na gesi wazi. Nilimuona yeye ni mtu makini na mwanawe ni mtoto mzembe, na nikamfikiria Ghanim wangu, ambaye sasa kila akifungua mdomo ni Kanada, Kanada, nikajiuliza atawezaje kuishi mtu ambaye hata friji haifungi.

Tukakaa. Akanimiminia kahawa, akanisogezea tende. Simu ilikuwa pale pale imeegemea chupa. Namba ilikuwa kumi na tisa.

"Si ilikuwa ishirini na moja?" nikauliza.

"Ilikuwa. Sasa moto haupo, lazima ishuke kidogo. Ile mashine ya nje itashika sasa hivi. Hizi mashine wavivu kama punda, zikiona mwengine anabeba, zinalala."

Tulicheka. Tukaendelea na mazungumzo mengine, ya mimba ya binti wa Rahila, na wakati tunazungumza nilikuwa naitupia simu jicho. Ndiyo tabia yangu, siwezi kukiacha kitu. Ikawa kumi na nane. Alama ya upepo haikurudi. Hapakuwa na alama yoyote, si ya upepo wala ya moto, ila namba peke yake.

"Bi Shaikha, huko nje kwao leo baridi kiasi gani?"

Akatelezesha kidole. "Ishirini na sita. Hiki kijistari mbele maana yake chini ya sifuri."

Friza yangu, ninamowekea kuku na papa wa mwezi mzima, imeandikwa kumi na nane chini ya sifuri. Nilijaribu kuwaza nyumba iliyosimama ndani ya friza iliyo baridi kuliko yangu, na ndani ya nyumba ile mtoto amelala. Sikusema nilichokiwaza, lakini nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu Bi Shaikha aliiweka chini bilauri ya kahawa.

"Kumi na saba," alisema.

Akampigia Loai. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Baadaye tulikuja kujua kwamba Loai alikuwa ameisahau ndani ya gari.

"Uwashe tena ule moto," nikamwambia. "Bonyeza pale pale ulipobonyeza."

"Hapapo. Ulipokuwa moto hapana kitu."

Nilichukua simu nikaigeuza huku na huku. Kiingereza changu mimi ni cha kusomea tarehe kwenye makopo. Palikuwa na maneno mengi na visanduku, na kila kisanduku kiliweza kuwa ndicho au kuwa kibaya zaidi.

"Labda hapa," nikasema.

"Usibonyeze! Nimeshabonyeza mie mara moja, inatosha." Akaninyang'anya simu. "Tukizidi kubonyeza tutawazimia na taa."

Na hapo ikalia kengele. Ndiyo kengele aliyoambiwa aisubiri tangu mwezi wa kumi na moja, ambayo haikuwahi kulia hata mara moja, na sasa ilikuwa inamlilia yeye kwa alichokifanya yeye. Kumi na sita.

"Mpigie Bashayer," nikasema.

Ni lazima niseme hapa kwamba Bi Shaikha na mkwe wake hawana ugomvi. Wanaheshimiana tu, na heshima yao ni ya mbali. Wanaulizana hali, wanaombeana dua, simu inapewa Loai. Hakuwahi kumpigia Bashayer mwenyewe, sembuse usiku wa manane wa huko.

"Nkimwambia nini?" alisema. "Mama wa mume kawagandishia mtoto?"

"Mwambie moto umezimika. Basi. Umezimika, nendeni mkautazame."

Nilisema hivyo kwa kumuhurumia. Alinitazama, na sijui alikuwa ananiona mimi au anaona wodi. "Zamuni hatusemi hivyo," akasema. "Ukimpa mgonjwa dawa siyo, husemi dawa imekosewa. Unasema nimekosea, nimempa hii. Wapate kujua wamtibu nini." Akapiga.

Bashayer alishika upesi. Sauti yake ilikuwa ya usingizi na ya hofu, kama anavyoshika mtu yeyote aliye mbali na kwao simu ikilia usiku.

"Mama? Kheri? Kuna nini? Nani?"

"Hakuna mtu aliyekufa, mwanangu. Skiza. Mie nimezima gesi yenu. Nimeizima mie kwa simu, kwa mkono wangu. Nyumba inaingia baridi. Mwamshe Loai aiwashe, sasa hivi, usiulize."

Tukamsikia akisema, "Ya Rabbi, ndio maana." Tukasikia miguu, mlango, jina la Loai linaitwa mara nyingi, na mtoto akaanza kulia. Simu ikakatwa.

Tulikaa tunaitazama ile namba. Bi Shaikha alikuwa ameshika kitambaa cha meza anakikunja na kukikunjua. Ule moto mwekundu ulipotokea tena, unaruka ruka kama alivyonihadithia, aliutazama kwa macho yale yale ya hofu. Namba haikusogea muda mrefu, kisha ikawa kumi na saba. Ilipofika kumi na tisa alikwenda msalani, na alikaa huko sana.

Loai alipiga baada ya magharibi, kwao asubuhi. Bi Shaikha alikuwa ameniomba nikae naye.

"Mama, umetugandisha kama kuku wa Brazili!" alianza kwa kicheko.

"Nisamehe, baba."

"Hapana, Mama, nisamehe mie, sikukueleza." Na ndipo akatueleza yote niliyoyaandika hapo juu, ya mashine na tanuri. Alisema mashine ya nje inamudu mpaka nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ikipindukia hapo inajizima, tanuri linashika, na ndiyo salama yao. Moshi wa tanuri una bomba lake la kutokea nje, na kuna kengele ukutani ya kunusa gesi. "Kuwaka ndiyo kazi yake, Mama. Si kama jiko lako."

"Nimefahamu sasa. Ishirini, mashine. Ikizidi ishirini, gesi. Ikipungua, mashine tena."

"Ndiyo hivyo hivyo. Umeshinda wanafunzi wangu wa mazoezi."

"Noof hajambo?"

Kicheko kikamuisha. "Hajambo. Mikono ilikuwa baridi sana, Bashayer alimtia ndani ya nguo yake. Sasa anacheza. Ana mafua kidogo, lakini alikuwa nayo tangu juzi."

Sisi wawili tulijua hakuwa nayo.

"Mama," akaendelea, "nimeona tusikusumbue tena. Nimeipanga kengele inipigie mie na Bashayer kwa pamoja, simu hata ikiwa imezimwa sauti italia. Hakuna haja ya wewe kukaa asubuhi nzima unatazama simu. Upumzike. Utoke na wenzako."

Mimi nilikitazama kizulia. Kisha Bi Shaikha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia hivyo, "Nifundishe tu, Loai. Mie nkifundishwa mara moja sisahau. Uliza wodini."

"Mama, si suala la kufundisha."

"Unifungie hizo sehemu za kubonyeza. Niache nitazame tu."

Tulimsikia anavuta pumzi. Nyuma yake Bashayer alisema kitu kwa Kiarabu, polepole, hakikuwa kibaya. Nilisikia neno la kumuombea mama afya.

"Inshallah nitaona namna," alisema Loai.

Kila mama anaijua hiyo inshallah. Bi Shaikha akamjibu, "Khalas, mwanangu. Umefanya vizuri. Mtoto kwanza."

Asubuhi ya pili alipofungua simu, ile nyumba haikuwemo. Palibaki ukurasa mweupe unaomtaka aandike neno la siri ambalo hakuwa nalo. Hakulia. Alinionyesha kama mtu anayekuonyesha jino lililong'oka, akasema, "Basi," na akaenda kufua.

Nilidhani sasa tumempata. Nilimwambia Rahila, naye akafurahi, tukapanga kumtoa. Siku ya mwanzo alikuja nasi kisomoni akakaa karibu na mlango, kila mara anaingiza mkono mkobani, anakumbuka, anautoa. Siku ya pili alisema mguu unamuuma. Baada ya hapo nikimuita ukutani anajibu kwa ile sauti yake ya chini.

Nikaenda kumtazama. Nilimkuta amekaa pale pale, tasbihi mkononi, simu imeegemea chupa ya kahawa. Moyo wangu ulifurahi, nikadhani Loai amemrudishia.

"Amekufungulia?"

"Hajafungua. Hii ya hali ya hewa tu, iko kwenye simu zote. Hata yako unayo." Akaigeuza nione. Palikuwa na jina la Ottawa, wingu, na kijistari na namba. "Kumi na nne. Mashine ya nje inafanya kazi. Jana usiku wao ilifika ishirini na mbili, gesi ikashika. Alfajiri ikapungua, gesi ikazimika."

"Umejuaje kama ilishika?"

"Si ndiyo kanuni yake? Ikizidi ishirini, gesi." Alisema kwa subira, kama anamueleza mtoto. "Ndani siioni tena. Lakini nje nikiijua, ndani nnaihisabu."

Nilitaka kumwambia kwamba hata akihisabu vizuri namna gani, nyumba ikiingia baridi yeye hatajua, na akijua hana atakaloweza kufanya. Nadhani alilijua hilo kuliko mimi. Wale wagonjwa wake pia, wengi hakuwa na la kuwafanyia. Alikaa nao tu mpaka kupambazuke. Nilikunywa kahawa yangu nikaondoka.

Mwisho wa Februari binti wa Rahila alijifungua, na tukapanga asubuhi moja twende Mawaleh kumtazama mzazi. Rahila alikuja na gari mapema, amebeba vyakula, anapiga honi. Nikazunguka mlango wa mbele wa Bi Shaikha. Alikuwa amevaa vizuri, buibui jipya, harufu ya udi imejaa nyumba nzima, na zawadi ya mtoto imefungwa iko mezani. Lakini alikuwa amekaa.

"Yalla, Bi Shaikha, Rahila anatungoja."

"Nilitaka kuja. Wallahi nimevaa nije." Alinionyesha simu. "Ishirini na tisa, Mama Ghanim. Haijapata kufika hapo mwaka huu. Lile tanuri liko peke yake leo."

"Loai ana kengele yake."

"Anayo." Akanipa ile zawadi mkononi. "Mpe mzazi, mwambie ntakuja wakipata joto."

Nilisimama kidogo pale mlangoni, na Rahila huko nje anapiga honi. Dirisha lake lilikuwa wazi, upepo mzuri unaingia, watoto wa jirani wanacheza mpira. Yeye alikuwa ameshageuka kuitazama simu, ameivuta shela mabegani kama mwenye baridi.

Garini Rahila aliniuliza, "Bi Shaikha yuko wapi? Si alisema anakuja?"

Nikafikiria nianzie wapi. Nianze na mashine inayookota joto, au na wodi, au na Noof. Mwendo wa kufika Mawaleh si mrefu.

"Ana mafua," nikasema.

"Maskini! Na anavyokaa peke yake." Rahila akatingisha kichwa, akatia indiketa tuingie barabara kubwa. "Tukirudi tumpitishie tangawizi na asali. Hii hewa ya kubadilika badilika ndiyo inayowamaliza watu."